Kucheka Pamoja na Watoto

(Maneno ya katekista mmoja, aliye pia mwalimu wa shule ya msingi, mbele ya wakristu wa Nyangwe siku ya jubilei ya parokia)



Walionitangulia wamesema juu ya wale waliojenga parokia hii, nao wamesema vema. Mimi nimeombwa niseme neno juu ya kazi ya kufundisha watoto wadogo, na neno langu ni juu ya kicheko. Msinidhanie kwamba nafanya mzaha siku ya sikukuu. Mwalimu ambaye mara nyingi mshahara wake huchelewa, au haufiki kabisa, lakini kila alfajiri anaamka na kwenda kalasini, sharti awe na kitu kinachomwita. Kitu kinachoniita mimi ni watoto wenyewe.

Siku moja katika mafundisho ya dini niliuliza: «Mungu yuko wapi?» Wote wakajibu kwa sauti moja: «Mungu yuko popote.» Nikafurahi. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono: «Mwalimu, hata katika mtumbwi, katikati ya Lualaba?» Nikajibu: «Naam, hata huko.» Akasema: «Basi kwa nini wewe, tulipovuka juzi, ulishika mtumbwi kwa mikono miwili na kufumba macho?» Ndugu zangu, mimi nilisoma seminari ndogo, nikafundishwa kujibu maswali mengi, lakini swali lile halikuwamo. Tukacheka wote, nami nikaungama mbele ya kalasi kwamba imani ya mwalimu bado ni haba.

Siku nyingine ilikuwa somo la hesabu. «Baba amevua samaki kumi. Ameuza sita. Wamebaki wangapi?» Mvulana mmoja, mwana wa mvuvi, akafikiri sana, kisha akajibu: «Mmoja, mwalimu.» Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu tena, akasema: «Ni mmoja tu. Watatu wamebaki kwenye barieri.» Niandike nini katika daftari lake? Kwa kitabu amekosa. Kwa njia ya kutoka mtoni mpaka sokoni hakukosa hata kidogo.

Mnajua pia kwamba katika kalasi ya kwanza na ya pili tunafundisha kwa Kiswahili, na katika kalasi ya tatu mtoto anaingia katika Kifaransa kama mtu aingiaye katika maji baridi. Mwaka mmoja, siku za kwanza za kalasi ya tatu, niliwaamuru watoto wafagie chumba: «Balayez la salle!» Hakuna aliyeshika ufagio. Wote walisimama, wakakunja mikono, wakafumba macho. Walikuwa wamesikia «sala». Mtoto mmoja wa ndugu zetu Waislamu akafumbua jicho moja, akaninong’oneza: «Mwalimu, kwetu twasema swala.» Siku ile chumba hakikufagiwa upesi, lakini kilisaliwa vizuri.

Lakini kicheko kina pande mbili. Kucheka na mtoto ni jambo moja, kumcheka mtoto ni jambo jingine. Hili nalijua kwa kuwa nilikosa.

Tulikuwa na kalasi za asubuhi na kalasi za mchana, kwa ajili ya uchache wa vyumba. Mtoto mmoja wa kalasi ya kwanza alikuwa akichelewa kila mchana. Nikamwuliza sababu mbele ya wenzake. Akajibu kwa utulivu: «Nangojea suruali, mwalimu. Kaka yangu anasoma asubuhi.» Nikacheka kabla ya kufikiri. Kalasi nzima ikacheka pamoja nami. Yule mtoto akaketi, akainamisha kichwa.

Kesho yake hakuja. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Jioni nikaenda kwao. Bibi yake alikuwa akitwanga sombe, akaniambia bila hasira: «Mjukuu wangu asema shule ni mahali pa kuchekwa.» Neno lile lilinichoma. Nikaketi chini karibu na mtoto, nikamwomba msamaha. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: «Mwalimu, wewe una suruali ngapi?» Nikajibu: «Mbili, na moja ina kiraka.» Akasema: «Kiraka kiko wapi?» Nikasimama, nikageuka, nikamwonyesha. Hapo akacheka yeye kwanza, na mimi nikafuata. Kesho yake alirudi. Wakristu wa shirika letu wakamshonea suruali yake mwenyewe, na tangu siku ile hakuchelewa tena.

Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure, watoto wamefurika. Kalasi yangu ya watoto 45 ilipita 90, wanne wanne juu ya benchi moja. Katika wingi huo ni rahisi mwalimu kusahau majina na kutawala kwa fimbo na kwa dhihaka. Ndiyo maana nalisema jambo hili leo.

Nimalize na somo moja la historia. Tarehe 15 Julai 1871, hapa Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni, siku ambayo akina mama wengi walikuja kuuza na kununua. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Livingstone aliona kwa macho yake, na wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Nilipowaeleza watoto hayo, kalasi ilinyamaza. Kisha mmoja akauliza: «Mwalimu, nani alirudi kwanza sokoni?» Kabla sijafungua kinywa, msichana wa nyuma akajibu: «Mama. Watoto walikuwa na njaa.»

Siku ile hatukucheka. Lakini nilipotoka nje wakati wa mapumziko nikawasikia wakicheza na kupiga kelele. Nikafikiri: Kingwana chetu kilikuja huku pamoja na misafara ya bunduki na minyororo, na leo watoto wanakitumia kwa kuchekeshana na kwa kusali. Mahali palepale ambapo watoto walikimbia kwa hofu, wengine leo wanakimbia kwa mchezo. Kwangu mimi hiyo ni jubilei.

Basi, wazazi, mtoto akirudi na neno la kuchekesha, msikilizeni kwanza. Walimu wenzangu, tusimcheke mtoto maskini. Nanyi Mapadri wetu, mkumbuke kwamba Yezu aliwakemea wanafunzi wake waliowazuia watoto. Wakipiga kelele kidogo wakati wa Misa, mwavumilie.

Mwenyezi Mungu aibariki parokia yetu.