Ukimtolea Mwenzako Ushahidi

Msikilizaji, mfanyakazi anayekwenda kumtolea ushahidi mwenzake aliyefukuzwa, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kesho yake anaripoti kwa meneja yule yule. Hafukuzwi. Mwajiri mjanja hana haraka hiyo. Anapangiwa zamu za usiku mfululizo. Anapewa barua ya kujieleza kwa kuchelewa dakika tano, kosa ambalo wiki iliyopita hakuna aliyeliona. Linafuata onyo la kwanza, la pili, halafu uhamisho wa kwenda tawi la mbali. Wenzake nao wanaanza kukaa meza nyingine wakati wa chakula.

Huko ndiko kuandamwa kazini. Ugumu wake mbele ya Tume ni kwamba kila barua, ukiisoma peke yake, haina kasoro.

Hapa Tanzania, Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikulinyamazia jambo hili. Kifungu cha 37 kinakataza kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametoa taarifa anayoruhusiwa kisheria kuitoa, ametumia haki yake, amekataa kutenda lililo kinyume cha sheria, au ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 39 kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba alimwachisha kwa haki. Hata kutohuishwa kwa mkataba wa muda, wakati mfanyakazi alikuwa na sababu za msingi kutegemea utahuishwa, kunahesabiwa kuwa kuachishwa. Hilo nalisisitiza, maana kisasi kinapenda kujificha kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Mtego mkubwa hauko kwenye kufukuzwa. Siku moja meneja utumishi anamwita yule shahidi kwa sauti ya huruma: andika tu barua ya kuacha kazi, tutakulipa mafao yako bila kelele, na jina lako litabaki safi. Aliyechoka anaandika kwamba anaacha kwa hiari yake, na kwa adabu zetu anaongeza shukrani kwa uongozi. Sheria inajua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, na inahesabu kuacha huko kuwa kuachishwa. Lakini hapo ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha alivyosukumwa, na karatasi ya kwanza kuwekwa mezani kumpinga itakuwa barua yake mwenyewe, shukrani zikiwemo. Kwa maoni yangu, hila hii imewaumiza watu ambao wangefukuzwa waziwazi wangeshinda.

Kuna pia suala la muda. Nyumbani watamwambia funika kombe mwanaharamu apite. Ni ushauri wa upendo, ila Tume ina kalenda yake: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa hasikilizwi kwanza kuhusu kisasi. Anaanza kwa kuomba aongezewe muda na kueleza alikuwa wapi. Kusema alikuwa anamsubiri bosi apoe hakutamsaidia sana. Watumishi wa umma, kwa upande wao, wanaanzia Tume ya Utumishi wa Umma.

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, mtu wenu akitoka kutoa ushahidi msimwache ajibu barua za kujieleza peke yake. Nawe unayeandamwa, lalamika kwa maandishi ungali kazini, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, tunza ratiba za zamu za kabla na za baada ya ushahidi wako. Na barua ya kuacha kazi usiiandike wala kuisaini ofisini kwao siku hiyo hiyo. Kama wamekuandalia wao, iombe, nenda nayo nyumbani, mwonyeshe mtu wa chama au mwanasheria kwanza.