Kati ya Chanjo ya Mwisho na Darasa la Awali: Nani Anamlipia Mtoto?



Kila nikikaa kwenye kikao cha malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto hapa Dodoma, nasikia kauli ileile, ikitolewa kama vile mjadala umekwisha: fedha zipo, kinachokosekana ni uratibu. Wanaoisema ni watu makini, na baadhi yao ni rafiki zangu. Wanasema sekta ya afya inachanja, elimu ina madarasa ya awali, TASAF inapeleka ruzuku kwa kaya maskini, lishe ina mkataba wake. Basi wahusika wakae meza moja, mambo yatanyooka. Nimekuja kuipinga kauli hiyo. Naamini imewagharimu watoto wetu kuliko hata ile ya wanaosema waziwazi kwamba malezi ni kazi ya mama peke yake.

Historia ya sera sitairudia. Programu Jumuishi ya Taifa, ile ya 2021/22 hadi 2025/26, ilizinduliwa katika jiji hili hili Desemba 2021, na wengi wenu mnazijua nguzo zake: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama.

Mtazameni mtoto wa kata hii ya Chang'ombe. Tangu azaliwe ana kadi ya kliniki. Akitimiza miezi 18 anapata chanjo ya pili ya surua na rubela, kisha kina mama wengi huiweka ile kadi sandukuni. Mara nyingi Serikali hukutana naye tena akiwa na miaka mitano, siku ya kuandikishwa darasa la awali, ambalo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ililifanya kuwa la lazima. Katikati hapo imepita miaka mitatu na nusu. Ndiyo miaka ya kujifunza kusema, kuuliza, kutuliza hasira, kucheza na wenzake. Sasa mwenzangu wa uratibu anieleze: katika miaka hiyo anaratibu nini na nini? Huduma ambayo haijaanzishwa haiunganishwi na nyingine. Ruzuku ya TASAF naiheshimu, lakini haimpatii mtoto mtu wa kukaa naye mama anapokuwa sokoni.

Na huo uratibu wenyewe unalipiwa na nani? Afisa ustawi wa jamii anahitaji mafuta ya pikipiki. Kwenye uchochoro mmoja wa kata hii nilimkuta mama anayelea watoto wa majirani, ambao mama zao hutoka alfajiri kwenda kuuza mboga. Ana mkeka, ndoo ya maji, sufuria ya uji wa uwele. Hajasajiliwa, kwa sababu masharti ya jengo na uzio yamemshinda. Afisa alishafika, akamwonya, akaondoka. "Mwalimu," akaniuliza, "wakinifungia, hawa watakwenda wapi?" Nilipozungumza na afisa yule baadaye, alikuwa anawajua wale watoto kwa majina. Moyo alikuwa nao. Hakuwa na kasma ya kuezeka hata choo kimoja.

Nataka tukae kidogo Jamaika, kwa sababu kuhusu faida ya mtu kukaa na kucheza na mtoto sijaona ushahidi unaotuhusu zaidi ya wa huko. Mwaka 1986 na 1987, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa katika mitaa ya kimaskini ya Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne: waliopewa maziwa ya unga kilo moja kila wiki, waliotembelewa nyumbani, waliopata vyote viwili, na wasiopewa chochote kati ya hivyo. Waliowatembelea hawakuwa maprofesa. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, waliokaa saa moja kwa wiki na mama na mwanawe, wakimwonyesha jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa malighafi za nyumbani. Waliendelea hivyo miaka miwili tu. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta wale watoto, nao sasa ni watu wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science, na mmoja wa waandishi alikuwa James Heckman, mshindi wa Nobeli ya uchumi: waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa 25% kuliko wasiotembelewa, na walikuwa wamewafikia wenzao ambao hawakudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo.

Sisemi lishe iachwe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Nani atapuuza hilo? Nakiri pia kwamba watoto 129 ni wachache, na kwamba mama wa Chang'ombe anayeondoka alfajiri hatakutwa nyumbani saa nne. Kwa hiyo hapa mhudumu aende pale watoto walipo, kwenye ule mkeka. Tangu Januari 2024 taifa lina mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Watu wa kufanya kazi kama ile ya Kingston wanaandaliwa tayari. Kuongeza saa ya mchezo kwenye majukumu yao ni suala la mafunzo, vifaa na posho, yaani fedha.

Wanaouliza kama kasma huleta tofauti waangalie mambo mawili. Halmashauri zilipotakiwa kutenga shilingi 1,000 za mapato ya ndani kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, zilisuasua, kweli. Lakini kwa kuwa kiasi kinajulikana, diwani anaweza kuuliza zimetolewa ngapi, na wakuu wa mikoa wanapimwa kwa mkataba waliotia saini. Na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliingizwa mwaka 2018 katika kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mikopo iliposimamishwa mwaka 2023, nchi nzima ilijua, kukawa na kelele, na utaratibu ukarekebishwa. Ni nani angepiga kelele kwa kusimamishwa kwa uratibu?

Mtaniambia, tukidai kasma ya aina hiyo kwa mtoto, halmashauri za Bahi au Chemba hazina mapato ya Jiji la Dodoma. Hiyo ni hoja nzito, na jibu langu ni kwamba Hazina ijazie pale halmashauri inapopungukiwa, kwa hesabu ya vichwa vya watoto. Mtaniambia pia kwamba kila kundi likidai fungu lake kwenye sheria, halmashauri itabaki bila nafasi ya kupanga. Nimelipima hilo muda mrefu. Bado nasimama palepale: mtoto wa miaka miwili hana chama, hapigi kura, hawezi kusubiri mwaka wa fedha ujao, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho anayepaswa kuachiwa hisani ya kikao.

Ninachoomba ni kifungu cha sheria: kiasi maalumu kwa kila mtoto asiyefikia darasa la awali, kwa ajili ya vituo vya malezi vya jamii na wanaovihudumia, na taarifa ya matumizi isomwe kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka. Waheshimiwa madiwani mliopo, kamati ya maendeleo ya kata yenu hukaa kabla makadirio hayajapelekwa jijini. Liwekeni suala hili kwenye ajenda, na yule mama wa mkekani aitwe aeleze anachohitaji ili asajiliwe.