DAWA YA MAUMIVU NA MIFUPA YETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kibera na Kawangware)



Sisi tutokao Kibera na Kawangware alfajiri kwa miguu, kwenda kubeba zege na mawe katika mijengo ya Kilimani na Upper Hill, twajua mgongo unavyouma jioni. Tena twajua kwamba asiyefika kazini hapati ujira. Basi mtu huingia duka la dawa, hununua vidonge vya tramadoli bila cheti cha daktari, na kesho yake yuko kazini.

Dawa hiyo ni ya jamaa moja na mofini na kodeini. Hutuliza maumivu kweli, lakini huleta pia usingizi na kizunguzungu. Mtu wa hali hiyo akipanda ngazi na tofali begani, au akitoka usiku kwenda choo na kuruka mtaro wenye matope, huanguka, akavunjika mkono au nyonga. Madaktari waliochunguza jambo hili wameona hatari huwa kubwa zaidi siku za kwanza za kuitumia, na wazee ndio huumia zaidi. Ikitumiwa miezi mingi hupunguza homoni zinazoilinda mifupa, nayo hudhoofika. Ikichanganywa na pombe, yaweza hata kumkatiza mtu pumzi akafa.

Hatusemi dawa hii ni adui. Mgonjwa wa saratani na aliyepasuliwa huihitaji, wasinyimwe. Na aliyeizoea asiiache ghafula. Amwone daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, tusiinunue bila cheti. Pili, tukiandikiwa, tumweleze daktari kazi yetu na tumwulize kama iko dawa nyingine. Na maadamu inatulevya tusipande juu wala tusiendeshe mashine. Tatu, aliyeumia kazini amwarifu mwajiri mara moja, mbele ya shahidi, kisha akiarifu chama. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini yamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu.

Ndugu zetu, anayeumia kazini akanyamaza na kumeza kidonge, analipa yeye deni la mwajiri: kwanza kwa fedha yake, kisha kwa mifupa yake. Tusikubali.