Kilomita 54: mambo tuliyojifunza njiani kati ya Butembo na Beni

Mazungumzo na vijana wanaomaliza masomo ya sekondari, Butembo

 

Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kuchagua maisha. Wengi wenu mnangoja mtihani wa taifa, na baada ya diploma mtaulizwa swali ambalo sisi pia tuliulizwa na mama zetu jikoni: «Sasa unataka kufanya nini?» Hatukuja na jibu moja la kuwagawia wote. Tumekuja kuwaeleza tulikopita, ili mnaotufuata msijikwae kwenye mawe yale yale.

Sisi ni watu wa miaka ya thelathini. Vita vya 1996 vilitukuta wadogo, na vita vya 1998 vilitukuta tukijifunza kusoma. Katika miaka ile tuliwaona askari wa Uganda katika barabara zetu. Tulipofika umri wa kuanza maisha, mauaji ya raia yakaanza upande wa Beni mnamo Oktoba 2014, na mpaka leo hayajakoma. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ikatangaza Ebola, nasi tukaishi nayo hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua na 2.287 wakafariki. Hakuna kati yetu aliyechagua nyakati hizi. Lakini ndani yake kila mmoja alilazimika kuchagua jambo fulani, hata aliyesema hakuchagua kitu.

Tazameni wale tuliosoma nao darasa moja. Kuna aliyeingia biashara kama wazee wake, kwa maana Butembo ni mji wa biashara: akaanza na sanduku moja la sabuni, na sasa anasafiri hadi Kampala kuleta bidhaa. Wengine ndoto yao ni Dubai na Guangzhou, ambako wafanyabiashara wetu wakubwa hununua vitu vyao. Kuna aliyenunua pikipiki kwa fedha ya likirimba akawa motari. Kuna aliyelima kakao upande wa Beni, akapata fedha nzuri kwa miaka michache, kisha akaacha shamba kwa kuogopa kuuawa. Kuna aliyekwenda Kinshasa na haandiki tena. Na kuna walioingia porini kwenye vikundi vyenye silaha.

Hatuwataji hawa wa mwisho ili kuwatukana. Tumezungumza na baadhi yao waliporudi nyumbani. Karibu wote walisema jambo moja: hawakuamka asubuhi moja na kuamua kuwa wapiganaji. Kwanza walichangia chakula. Halafu wakalinda njia ya kijiji usiku. Halafu wakapewa panga, na siku moja bunduki. Kila hatua ilionekana ndogo, na kila mara waliambiwa kwamba ni kwa ajili ya kulinda wazazi wao. Kwa hiyo fundisho letu la kwanza ni hili: uchaguzi mkubwa wa maisha mara nyingi huja ukiwa umevaa nguo ya jambo dogo. Tuangalie mambo madogo.

Tuwaeleze sasa safari moja. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi. Kwa kazi yetu tumepita njia hiyo mara nyingi hata hatuwezi kuhesabu. Unaondoka Butembo kwenye baridi, umevaa koti, unashuka polepole, unapita Maboya na Kabasha, na ukifika Beni koti liko mkononi. Siku mbingu ikiwa safi unaona milima ya Ruwenzori.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2019. Mnakumbuka hali ya Novemba ile: jeshi lilikuwa limeanza mashambulizi dhidi ya ADF, na waasi wakalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 25 Novemba watu wa Beni, wakiwa na uchungu wa kuzika kila siku, waliandamana. Jengo la meya likachomwa, na kambi ya MONUSCO ikavamiwa. Kila mgeni alitiliwa mashaka. Kila asiyesema Kinande aliulizwa maswali.

Tulipanda taksi ya kawaida, wawili mbele pamoja na dereva, wanne nyuma. Pamoja nasi alikuwapo mama mmoja anayepeleka viazi na kabichi sokoni Beni, na kijana wa miaka ishirini hivi aliyekuwa na begi dogo. Tulisimama mahali pa kunawa mikono na kupimwa joto, kama ilivyokuwa desturi wakati wa Ebola. Tukaendelea.

Mbele kidogo tukakuta bariyeri ya miti. Si ya polisi wala ya jeshi. Ilikuwa ya vijana, wenye umri wenu. Wakachungulia ndani, wakatusalimu kwa Kinande. Sisi tukaitikia. Yule kijana hakuitikia. Wakamwuliza kwa Kiswahili anatoka wapi, naye akajibu kwa Kilingala, kwa sauti ya kutetemeka, kwamba anatoka upande wa Kisangani na anakwenda kumwona dada yake. Wakamwomba karte ya mpiga kura. Hakuwa nayo. Wakafungua mlango wakamwambia ashuke.

Ndugu zetu, nyote mnajua maana ya kumwambia mtu ashuke namna hiyo. Katika miji yetu watu wameuawa kwa sababu tu hawakujulikana.

Sisi tulikuwa tumeendesha semina nyingi juu ya amani. Ndani ya mfuko wetu mlikuwa na karatasi za mafunzo juu ya kutatua migogoro. Tukanyamaza. Tulitazama chini. Tulijiambia: tukisema neno watatuuliza kwa nini tunamtetea. Hiyo ndiyo kweli, na hatukuja hapa kuificha.

Aliyesema ni yule mama. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kinande: «Wanangu, tumetoka naye Butembo. Akishuka huyu, nami nashuka, na viazi vyangu mvishushe pia.» Akaanza kufungua kitambaa alichojifunga tumboni kama mtu anayejitayarisha kukaa. Hapo ndipo nasi tukapata ulimi. Tukasema kwamba na sisi tutashuka. Dereva akazima moto. Wale vijana wakatazamana. Mmoja wao, ambaye nadhani mama alimkumbusha mama yake mzazi, akasema: «Basi, mama, waende.» Wakatoa miti.

Tulisafiri muda mrefu bila neno. Kisha mama akatuuliza: «Ninyi, wanangu, mnafanya kazi gani?» Tukamjibu kwamba tunafanya kazi ya amani. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Sisi pia tulicheka, lakini kwa aibu. Tulipofika Beni, dada wa yule kijana alikuwa anamngoja kando ya barabara, akamkumbatia. Mama alikuwa amekwisha anza kupatana na mchukuzi juu ya bei ya kubeba viazi.

Kwa nini tunawaeleza habari hii? Kwa sababu katika miezi ile ile tulijua tayari hasara ya kumchukia anayekuja. Daktari Richard Mouzoko alikuwa Mkameruni. Aliacha nyumba yake akaja Butembo kupambana na Ebola, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wetu. Tarehe 19 Aprili 2019 aliuawa kwa risasi hapa hapa mjini, hospitalini, akiwa kazini. Alikuwa msafiri katika nchi yetu, nasi tulimrudisha kwao ndani ya sanduku. Na kabla ya hapo, maneno mangapi yalisemwa katika vilabu vya kasikisi na kwenye vituo vya pikipiki: kwamba Ebola ni biashara, kwamba wageni wameileta? Waliofyatua risasi ni wachache. Waliosema yale maneno ni wengi, na wengine wetu tuliyasikia tukanyamaza, kama tulivyonyamaza ndani ya taksi.

Hatusemi hatari si ya kweli. Mnamo Oktoba 2022 hospitali ya Maboya ilishambuliwa, na sista aliyekuwa daktari akauawa. Kulinda kijiji si kosa. Lakini lugha ya mtu si ushahidi, na kukosa karte si hatia. Mtu mkimshuku, mwiteni shefu wa kartie, mwiteni kiongozi wa dini, mpelekeni kwa wenye mamlaka akiwa mzima. Hata kama ninyi hamwaamini sana hao wenye mamlaka, na tunajua sababu zake, maiti haiwezi kuulizwa swali. Pengine leo mnapokea hapa Butembo watu waliokimbia vita kutoka kusini mwa Lubero. Kumbukeni kwamba nao walikuwa na nyumba na mlango wa kufunga.

Sasa turudi kwenye swali la mama zetu. Utafanya nini? Wengi hudhani uchaguzi ni mmoja tu: kubaki au kuondoka. Sisi tulipata nafasi ya kuondoka. Ndugu mmoja alituitia kazi ya duka Kampala, yenye mshahara wa kila mwezi. Kazi hii tunayofanya haina uhakika. Mradi ukiisha, na mshahara unaisha. Tulibaki, na kuna usiku tulijuta. Mwenzetu aliyekwenda Kampala analipia karo ya wadogo zake wanne hapa Butembo. Je, yeye ameikimbia nchi? Hapana. Na aliyebaki hapa akikaa kwenye bariyeri kunyang'anya wapita njia, je, anaipenda nchi kuliko yule?

Basi chagueni kazi, chagueni mji, chagueni mchumba kwa hekima. Ombeni Mungu na waulizeni wazee. Lakini jueni kwamba kuna uchaguzi mwingine usiongoja diploma. Unakuja ukiwa kwenye taksi, kisimani, kwenye simu unapopokea ujumbe wa uchochezi na kidole kiko tayari kuusambaza. Unakuja ghafula, na muda wake ni mfupi kama kufungua mlango wa gari.

Tunawaachia maswali matatu ya kujadiliana katika vikundi vyenu:

1. Ni lini mara ya mwisho uliposikia neno baya juu ya mgeni ukanyamaza? Uliogopa nini?

2. Katika kartie yako, kijana asiyejulikana akikamatwa usiku huu, ni nani wa kuitwa kwanza? Namba yake ya simu unayo?

3. Kazi unayotaka kuichagua itamsaidia nani mwingine zaidi yako?

Yule mama hatujui jina lake. Tangu siku ile, tukipita soko la Beni, huwa tunatazama upande wa wauza viazi. Hatujamwona tena. Tungependa kumwambia kwamba sasa, bariyeri ikitokea mbele, tunajitahidi kusema kabla ya mama mwingine.