Taa ya motere ikiwaka: maneno yetu kwa mashofa na wanachama

(Haya ni maneno tuliyosema, sisi wa kamati ya usafiri, mbele ya mkutano wa wanachama pale Baraka. Tumeyaandika juu ya wale ambao hawakufika, na juu ya marafiki wanaotusaidia kununua esansi ya gari la wagonjwa.)



Tuanze na lile jambo ambalo wote mnalijua na hakuna mtu anapenda kulisema. Miezi mitatu gari letu lilikuwa linakula esansi kupita kiasi. Zamani lilikuwa linakula litre 11 kwa kilomita 100. Kisha daftari likaanza kuonyesha 15, halafu 17. Tukafanya hesabu: kwa mwezi tunatembea karibu kilomita 1,200, kwa hiyo litre 72 zilikuwa zinapotea kila mwezi. Esansi inanunuliwa kwa michango yenu na kwa pesa ya watu walio mbali wanaotuamini. Basi tukafanya kile watu wanafanya: tukamtazama shofa. Wengine wakasema anauzia makadafi pale barabarani. Tukamwondoa kwenye volani wiki tatu, tukamweka mwingine. Huyo mwingine naye, gari likaendelea kula litre 17.

Hapo njo tulipata haya. Tulimwita shofa wetu, tukamwomba radhi mbele ya kamati, na leo tunamwomba radhi mbele yenu wote. Yeye mwenyewe alikuwa ametuambia tangu mwanzo: "Taa ya motere inawaka kwenye tablo." Na sisi tulimjibu kwamba gari la zamani lazima liwe na taa moja inayowaka. Fundi mmoja alifika hata kushauri tubandike kipande cha plasta juu ya ile taa ili isisumbue macho usiku. Tulibandika. Mnacheka, lakini tulibandika.

Sasa tueleze ile taa ilikuwa inasema nini.

Gari letu ni Toyota Noah ya esansi, volani kuume, ya mwaka 1997, kama nyingi zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Siyo ya karibureta. Ina kompyuta ndogo inayoamua esansi kiasi gani iingie kwenye motere. Kompyuta haioni kitu yenyewe. Inategemea vile vitu ambavyo sisi tuliokaa Nyarugusu tulizoea kuviita sensa, na mafundi wa Uvira wanaviita kapteri. Ni kitu kimoja. Kimoja kinapima joto la maji, kingine kinapima hewa inayoingia, na kimoja kimepachikwa kwenye ekzosi kinanusa moshi. Huyu wa ekzosi njo anaitwa sonda ya oksijeni, au sonda ya lambda.

Kazi yake ni hii. Esansi ili iungue vizuri inataka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya esansi. Hewa ikizidi, kuna oksijeni inabaki kwenye moshi. Esansi ikizidi, oksijeni inaisha. Sonda inapima ile oksijeni iliyobaki na kutoa umeme mdogo sana: karibu volti 0.1 kama hewa imezidi, karibu volti 0.9 kama esansi imezidi. Kompyuta inasoma, inapunguza kidogo, inaongeza kidogo, inapunguza tena, bila kuchoka, siku nzima. Ni kama mama anayeonja mboga kila mara akiongeza chumvi kidogo kidogo. Ukimfunga ulimi atatia chumvi kwa kukisia.

Na kompyuta isiyopata habari inakisia upande mmoja: inatia esansi nyingi, kwa sababu motere yenye esansi nyingi haiungui pistoni, na yenye esansi kidogo inaweza kuungua. Kwa mtengenezaji ni akili nzuri. Kwetu sisi ilikuwa litre 72 kila mwezi.

Tulijuaje kwamba ni sonda? Hatukuwa na mashine ya kusoma makosa. Toyota nyingi za miaka ile zina kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS juu ya kifuniko. Ndani kuna matundu yenye majina. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua kontakti bila kuwasha motere, kisha unahesabu jinsi taa ya motere inavyokonyeza. Ikikonyeza sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa. Yetu ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja: 21. Hiyo ni sonda ya oksijeni. Ingekuwa 22, ni sensa ya joto la maji. Lakini tunawaomba, tundu lingine lisiguswe. Soma jina mara mbili kwanza. Ukiunganisha pasipofaa unaweza kuua kompyuta, na hiyo siyo hasara ya litre 72.

Magari mapya kidogo, kama yale ya wanachama wawili tunaowaona hapa, yana plagi ya matundu 16 chini ya volani. Hayo yanataka kile kifaa kidogo kinachoongea na simu, nacho kinatoa namba: P0135 ni waya wa kupasha moto sonda ya kwanza, P0171 ni hewa nyingi, P0172 ni esansi nyingi. Jueni tu kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani yanakataa kuongea na vile vifaa vya bei nafuu. Kifaa kikinyamaza, usiseme gari ni zima.

Tulipolala chini ya gari tukaona kilichotokea. Kishikizo cha ekzosi kilikuwa kimevunjika, mnajua barabara yetu wenyewe, na waya za sonda zilikuwa zimelalia bomba la moto mpaka plastiki ikayeyuka. Ilikuwa hivyo tu. Fundi wa kwanza alikuwa ameona, akazisokota waya na kuzifunga kwa skochi. Skochi juu ya ekzosi! Iliungua siku ileile.

Hapa tukae kidogo, juu wengi wanakosea. Waya za sonda haziungwi kwa risasi ya kuchomea. Sonda inalinganisha moshi na hewa safi ya nje, na kwa nyingi ile hewa safi inapita ndani ya waya zenyewe, katikati ya zile nyuzi. Ukiyeyusha risasi pale umeziba pua yake. Tumia kiungo cha kubana kwa koleo, kisha funika vizuri, na ufunge waya mbali na bomba. Grisi pia usitie ndani ya plagi yake.

Tuliziunga upya, lakini sonda yenyewe ilikuwa imeshachoka. Kwa sonda ya kawaida ya Toyota yenye waya nne, waya mbili nyeusi ni za kuipasha moto, ya bluu ni ya habari, nyeupe ni ya chini. Ukitia multimita kati ya zile nyeusi mbili, sonda ikiwa baridi, unapaswa kupata om 11 mpaka 16. Sisi hatukupata kitu. Ndani palikatika. Na sonda isiyopashwa haifanyi kazi mpaka moshi uipashe wenyewe kupita digrii 300, na hapa kwetu tunatembea pole pole, tunasimama kwenye kila bariere.

Ile waya ya bluu usiipime kwa om, unaweza kuiharibu. Ipime kwa volti, motere ikiwa ya moto, fundi akishikilia mizunguko 2,500. Namba inapaswa kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, isiwe chini ya mara 8 katika sekunde 10. Ikilala mahali pamoja, au ikisogea kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku, sonda imezeeka.

Tulinunua mpya kwa dola 45. Wengine walitushauri tuchukue iliyotumika kutoka gari bovu. Tulikataa, na tunasema wazi kwamba ni kununua kitu usichojua umri wake. Kuna pia wanaoichoma ile ya zamani kwa moto wa kuchomelea au kuilaza kwenye esansi usiku kucha ili ipone. Masizi yatatoka, ndiyo. Lakini kama imelishwa sumu haiponi.

Sumu gani? Zamani ilikuwa madini ya risasi kwenye esansi; hayo yamekwisha, nchi ya mwisho kuyauza ilikuwa Algeria mwaka 2021. Siku hizi kwetu ni silikoni. Mafundi wetu wanapenda silikoni kuliko joini. Motere inavuja kidogo, wanapaka silikoni ya madirisha. Mvuke wake unaingia kwenye motere, unatoka na moshi, unaifunika sonda kwa unga mweupe. Kuna silikoni iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa, inunuliwe hiyo. Oili inayoungua nayo inaua sonda, na maji ya radieta yanayovuja ndani ya motere vilevile. Esansi ya chupa iliyochanganywa na petroli ya taa inajaza masizi. Hatuwezi kuwaambia msinunue kamwe kwa makadafi, tunajua siku ambazo stesheni zimekauka. Ila siku ya safari ya mgonjwa, gari liwe limejazwa mapema mahali tunapopajua.

Mkono wetu ukiwa bado chini ya gari tulipima na sensa ya joto la maji, ingawa taa haikuitaja. Ni ndogo, bei yake siyo kubwa, na inaweza kudanganya bila taa kuwaka: ikisema motere bado ni baridi, kompyuta inaendelea kutia esansi ya asubuhi mpaka jioni. Kwa multimita, ikiwa baridi kama hewa ya chumba, inatoa kati ya om 2,000 na 3,000. Motere ikifika digrii 80, inashuka mpaka kati ya 200 na 400. Yetu ilikuwa nzima. Bujii zilikuwa nyeusi tititi, tukazisafisha. Filtri ya hewa ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mihogo.

Sasa lile lililotufanya tuitishe mkutano huu badala ya kuandika tu kwenye daftari.

Katika ile miezi mitatu tulipeleka wamama wengi hospitali. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu, na dada yake aliyemsindikiza, walifika wote wawili na kichwa kinauma sana, dada akitapika. Tulisema ni barabara. Shofa naye alikuwa akilalamika kichwa kila jioni. Tulipokagua ekzosi tuliona joini yake imeungua, na weusi wa masizi umechora mstari mpaka chini ya sakafu, pale ambapo kuna tundu la kutu. Gari linalokula esansi kupita kiasi linatoa moshi wenye monoksidi ya kaboni nyingi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtoto aliye tumboni anaumia kabla ya mama. Tulikuwa tunawabeba ndani yake, madirisha yamefungwa juu ya vumbi.

Yule mama na mtoto wake ni wazima, tuliwatembelea. Lakini tuliporudi nyumbani siku ile hakuna aliyeongea.

Kwa hiyo mambo yamebadilika. Kila Jumamosi asubuhi, kabla motere haijawashwa, ekzosi inakaguliwa: shofa anawasha, mwingine anaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, na tunasikiliza kama kuna mahali panapiga "sss". Popote panapolia, gari halibebi mtu mpaka pazibwe. Tundu la sakafu limechomelewa. Ile plasta imebanduliwa kwenye tablo. Esansi inapimwa kwa tanki kamili: unajaza mpaka juu, unaandika kilomita, unajaza tena. Mwezi uliopita ilikuwa litre 12. Namba ikipanda kwa litre mbili, anayeitwa kwanza ni fundi mwenye multimita, siyo kamati ya nidhamu.

Kwa wenye RAV4 na nyinginezo zenye sonda mbili: ile ya nyuma, baada ya katalizeri, kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalizeri inasafisha moshi. Ukiona P0420, usikimbilie kuibadilisha; angalia kwanza kama ekzosi inavuja. Na mtu akija kukuambia katalizeri inaziba nguvu ya gari, aitoe bure akusaidie, mjue ndani mna platini na rodi, yeye ataiuza. Wewe utabaki na moshi.

Ufunguo wa kufungulia sonda ni wa milimita 22, kwa zile zenye uzi. Ukiwa na iliyobanwa na nati mbili, ni rahisi zaidi. Motere iwe vuguvugu, siyo ya moto. Tumenunua ufunguo mmoja na multimita moja kwa pesa ya mchango, viko kwa shofa wetu, yule yule. Mwanachama yeyote anaweza kuja navyo vikatumika pale pale. Haviazimwi kwenda nyumbani. Yeye njo ataonyesha kwa mikono yale tuliyosema kwa mdomo, Jumamosi hii saa mbili asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi. Mwenye gari au moto inayowaka taa aje nayo.