Sindano za Antibiotiki na Mizani ya Mwili: Dalili za Kuripoti Mapema



Mgonjwa hudungwa sindano kwa siku kadhaa, homa ikaisha, akarudi nyumbani. Baada ya wiki moja au mbili anaanza kuyumba. Majirani husema amelewa, ilhali hajaonja pombe. Huenda tatizo liko ndani ya masikio.

Streptomaisini, jentamaisini, amikasini na kanamaisini ni antibiotiki za kundi moja. Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, ilikuwa antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu (TB). Jentamaisini huokoa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa wakipata brusela, mojawapo ya hizo mbili huweza kutolewa pamoja na doksisaiklini. Ng'ambo, wagonjwa wa saistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi ya mapafu, hupewa dawa za kundi hili mara kwa mara maishani.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo. Baadhi hupokea sauti. Nyingine huuarifu ubongo jinsi kichwa kinavyosonga. Dawa hizi zinaweza kuziua, na zikifa hazioti tena. Streptomaisini na jentamaisini hudhuru zaidi upande wa mizani. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia vizuri na bado asiweze kusimama imara.

Si lazima ahisi dunia ikizunguka, kwa kuwa masikio yote mawili huathirika pamoja. Huyumba akienda choo usiku, hupepesuka akifumba macho kunawa uso, na akitembea huona vitu vikirukaruka. Masikio yakivuma, hiyo pia ni dalili.

Hatari huongezeka kwa wazee, wenye figo dhaifu, wanaotumia dawa za kutoa maji mwilini, na wanaodungwa kwa muda mrefu. Mwambie daktari ikiwa una mimba, au ikiwa kuna jamaa aliyepoteza kusikia baada ya sindano.

Kwa TB sugu, mambo yamebadilika. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kanamaisini na kapriomaisini zisitumike tena. Mwaka 2020 likapendekeza matibabu ya vidonge pekee kwa wagonjwa wanaostahiki.

Wakaazi wanaombwa kuzingatia haya:

Usinunue sindano dukani bila kupimwa na kuandikiwa na daktari. Dawa ya mifugo yenye streptomaisini ibaki ya mifugo.

Uliza jina la dawa unayodungwa, na ikiwa figo zako zinahitaji kupimwa.

Ukiyumba au masikio yakivuma, rudi kituoni siku hiyo hiyo, hata kama matibabu yamekwisha. Usikatize dawa ya TB mwenyewe. Daktari ndiye atakayebadilisha.

Aliyekwisha kudhurika asifichwe nyumbani. Mazoezi ya fiziotherapia huufundisha ubongo kutegemea macho na miguu. Usiku atumie tochi, na asipande ngazi wala kuendesha bodaboda kabla ya kukaguliwa.

Dawa hizi bado zinahitajika. Anayeripoti kuyumba mapema humpa daktari nafasi ya kuokoa seli zilizosalia.