Mkopo wa Nyumba na Wajibu Wetu



Mji haujengwi kwa matofali peke yake. Hujengwa kwa fedha pia. Mwaka 1973 ilianzishwa Benki ya Nyumba Tanzania, na mwaka 1974 mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliojazwa kwa kodi waliyotozwa waajiri. Huko Sinza, Dar es Salaam, wananchi walipewa viwanja vilivyopimwa, wakajijengea wenyewe. Lakini mikopo mingi ya benki hiyo haikurejeshwa, nayo ikafungwa mwaka 1995.

Sisi wa Kasanga tunaokiomba Chama Kikuu kitukopeshe mabati na saruji, tulikumbuke hilo: deni asilolipa mmoja ni paa analokosa mwenzake. Dawa ya deni ni kulipa.